Joto la Bani, Baridi ya Kisima

Jumamosi, 19 Oktoba 1974

Leo Dionis kaja na kamba. Mtu akija na jembe, anataka shamba. Akija na kuku, anataka radhi. Akija na kamba anataka uhame!

Dionis ni katibu wa kijiji. Namjua tangu alipokuwa akikimbia bata. Alifunga kamba kwenye nguzo kule barabarani, akaivuta mpaka uani kwangu, akapigilia kigingi, akafumba jicho moja kama mwindaji. Kisha akatangaza kwamba nyumba yangu iko nje. Nikamwambia nyumba zote ziko nje, mimi sijaona iliyojengwa chumbani. Hakucheka. Akaeleza upya, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa cheti: kijiji kipya cha Juhudi kitakuwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari, na kila mtu awe amehamia kabla ya mvua. Akaniomba nisimtie aibu, naye ametumwa.

Nikamuuliza kaburi la Josepha litakuwa ndani ya kamba au nje. Akaangalia viatu vyake. Nje.

Mke wangu amelala nyuma ya bani, banda langu la kukaushia tumbaku, chini ya mninga, tangu mwezi wa tatu. Pale ndipo alipokuwa akipumzika tulipokuwa tukifunga tumbaku kwenye fito. Alikuwa akivua ndala, anazipanga pamoja, kama viatu vya mgeni mlangoni. Mimi siendi popote.

Wakati wa kuondoka Dionis alijisahau akanena neno. Alisema kitu kinachoruhusiwa kubaki nje ya mstari ni mradi tu. Ghala, josho, zahanati, vitu kama hivyo. Na mlinzi wa mradi, bila shaka, hulala kwenye mradi.

Bila shaka!

Nimekula michembe, viazi vyangu vikavu. Nafikiri.


Jumatatu, 21 Oktoba

Nimepata!

Zamani kulikuwa na mzungu wa tumbaku aliyekuja kutufundisha kukausha majani. Mrefu, mwekundu, mpole. Siku moja alikaa ndani ya bani langu likiwa na moto, akatoka analia kwa furaha. Alisema kwao, nchi ya barafu, watu hujenga kibanda cha joto, hukaa humo uchi mpaka jasho liwaishie, kisha hukimbia na kujitupa ndani ya maji ya baridi. Wanarudi. Wanajitupa tena. Hawafi, eti wanapona. Josepha alicheka mpaka akakaa chini. Alisema Mungu ametupa joto bure na bado kuna watu wanalitafuta kwa kuni.

Sasa. Bani ninalo. Mpaka mwezi wa pili halina kazi. Na nyuma ya bani, hatua chache kutoka kwa Josepha, kuna kisima cha wapagazi, kile cha mawe, cha tangu enzi za misafara ya Kwihara. Maji yake ni ya baridi hata Oktoba, mwezi ambao mjusi anatembea kwa ncha za vidole.

Nikaenda kwa Dionis na maneno yaliyopigwa pasi. Nikamkumbusha redio ilivyotuambia juzijuzi kwamba mtu ni afya. Nikamweleza mvuke, jasho, baridi, damu kuchangamka. Mradi wa Afya! Dionis akauliza kama hilo ni josho la watu. Nikasema kwa namna fulani ndiyo. Akauliza kupe je. Nikasema na kupe pia.

Amekubali nijaribu. Mkutano wa kijiji utaamua Jumapili ya tarehe tatu Novemba. Ukipita, mradi unabaki hapa, mlinzi anabaki hapa, na Josepha habaki peke yake.


Jumatano, 23 Oktoba

Nimesafisha kisima. Kazi mbaya.

Hakuna anayechota pale. Sijui kwa nini sikuwahi kujiuliza. Njiwa hutua ukingoni, hutazama chini, huenda zao na kiu. Leo saa ya jua la utosini nilikuwa nikiondoa majani kwa kikapu. Hakuna upepo. Maji yakawa yanatikisika kidogo, pete juu ya pete, kama bakuli la uji mezani watu wanapopita kwa miguu mizito. Nikatazama njia. Hakuna mtu. Vumbi tu, limesimama wima.

Bibi Tatu alipita akitoka kuokota kuni. Ni mzee wa mjini, babu yake alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini macho yake yako kisimani. Aliniuliza kama nimetua mzigo. Nikasema sina mzigo. Akaniambia kila mtu anao, nisijifanye.

Akanifundisha. Hakuna aliyegusa maji yale zamani bila kutua kwanza. Unaweka mzigo wako chini, hata kama ni jiwe au kijiti. Unataja jina lako, unakotoka, unakokwenda. Ndipo unaingia. Kwa nini? Kwa sababu wako wapagazi waliofia pale, wakiwa hawajafika. Wanapita kila siku na kila siku hawafiki. Anayetaja safari yake wanamwona ni mwenzao, wanampisha. Asiyetaja, hawajui wamweke wapi.

Nikamshukuru. Nimeifanya Kanuni ya Kwanza ya mradi. Watu hupenda kanuni.


Alhamisi, 24 Oktoba

Siku ya kwanza. Mafanikio na matapishi.

Niliwasha tanuri asubuhi. Mabomba ya moshi ndani ya bani yakawa mekundu kidogo. Nikamwagia maji. Mvuke ukapanda mpaka kwenye fito za juu, ukarudi chini kwa matone. Matone ya rangi ya chai kavu. Nikajisemea ni ukuta unatoa uchafu. Afya!

Mteja wa kwanza sikumwalika. Omari! Omari ni kinyozi, mtaalamu wa kuumika watu kwa pembe, na ni mtani wangu kwa upande wa bibi yake Mzaramo. Siku ya kumzika Josepha aliingia kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Ni haki yake kama mtani. Lakini alichagua jogoo wangu mkubwa.

Leo alikuja kutazama kama namwibia wagonjwa. Akaniita Mnyamwezi mla michembe, akauliza kama nataka kumkausha nimuuze kwa daraja. Nikamwambia daraja lake ni la mwisho, majani ya chini yenye mchanga. Akaingia. Akaingia na Limbu, jirani yangu mchunga ng'ombe, mtu wa maneno machache.

Walipotoka walikuwa na rangi ya majivu. Limbu akatapika kwenye kichaka, akasema asante. Omari akapepesuka mpaka kisimani, akatua jiwe, akasema yeye ni Omari, anatoka bani, anakwenda nyumbani kula. Akatumbukia.

Alikaa ndani muda. Alipopanda hakuwa na mzaha hata mmoja. Mimi niliogopa. Omari bila mzaha ni kama ngoma bila ngozi.

Akasema kuna watu wamepita. Wengi, kwa mstari mmoja, vumbi mpaka magotini, meno ya tembo na mitumba kichwani, hawasemi. Na katikati yao Josepha wangu, ana kamzigo kadogo tu, anatembea kwa haraka yake ileile. Aligeuka akamuuliza Omari chungu chake cha mlenda kiko wapi.

Nikamwambia asinifanyie utani na hilo. Akasema wallahi si utani. Akaenda. Jioni akarudi na chungu cha Josepha chini ya kwapa. Eti Josepha alimwazima mwaka juzi wakakubaliana nisijue, kwa sababu mimi nina mkono mgumu kwa vyombo.

Ni kweli chungu ni chake. Ule ufa ukingoni ni wake.

Nimekaa nakitazama. Mke ni wangu. Kaburi ni langu. Bani ni langu. Kwa nini amwendee Omari?


Jumamosi, 26 Oktoba

Habari zimesambaa. Watu wamejaa uani kama siku ya kupima tumbaku. Wametoka Ntalikwa, na mmoja kasema katembea kutoka Isikizya, sijui kama ni kweli, miguu yake ilikuwa safi.

Wanaingia wanatokwa jasho, wanatoka wanapepesuka, wanatua vijiwe vyao, wanataja safari zao, wanatumbukia. Na kila mmoja anaona. Mama mmoja alimwona baba yake. Limbu, aliyerudi kwa hiari, alimwona ng'ombe. Ng'ombe marehemu! Alilia sana. Alisema ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.

Na wote, wote, wanamwona Josepha. Wananipa salamu zake kama watu waliokutana naye sokoni. Kapendeza. Kavaa khanga ya buluu. Kanenepa kidogo.

Mimi nimeingia asubuhi, nimeingia mchana, nimeingia tena. Nilichoona ni goti langu.

Dionis alikuja kukagua. Akaingia na kalamu mfukoni. Kisimani akatua kalamu, akasema anatoka ofisini na anakwenda mkutanoni. Alipopanda, midomo ikiwa ya buluu, hakuniaga. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye vigingi vyake, akachuchumaa, akatazama kwa jicho moja. Kisha akang'oa kimoja, akakipigilia pembeni. Akang'oa kingine. Alifanya hivyo mpaka barabarani.

Limbu kanieleza. Josepha alimwambia Dionis kwamba mstari wake umepinda.

Hata Dionis! Amemwambia Dionis maneno ya kazi, na mimi mumewe sijapewa hata salamu, hata mwangaluka ya asubuhi.


Jumapili, 27 Oktoba

Mbinu ya leo: kofia.

Niliwaza hivi. Anamwendea Omari kwa sababu anamwona Omari. Basi nikaazima kofia ya Omari, ya kiua, nikavaa na shuka lake. Nikaketi mahali alipoketi Omari, nikakohoa kama Omari. Nikatua jiwe la Omari. Nikatumbukia.

Baridi! Nilipiga ukelele ulioamsha mbwa wa kijiji kizima. Hakuna Josepha. Kofia imesinyaa, Omari anadai nyingine. Anasema hata wafu wananijua kwa masikio.

Mchana kaja shemeji yangu Katarina, mdogo wake Josepha, kutoka Ntalikwa. Kaniletea karanga na uso wa hasira. Amesikia dada yake anatembezwa mbele za watu kama sinema. Nikamkaribisha ajionee. Akakataa. Akasimama mlangoni mwa bani, akanusa, akapitisha kidole ukutani, akakilamba kidogo, akatema mbali.

Akaniuliza kama ninajua nini kinachodondoka toka juu. Nikasema uchafu. Akaniambia: shemeji, ni tumbaku ya miaka yote tuliyoikausha humu. Imeganda ukutani, wewe umeichemsha, sasa watu wanainywa kwa ngozi. Ndiyo maana wanalewa, wanatapika na kuona ng'ombe. Na wewe huoni kitu kwa sababu umekaa na tumbaku tangu kijana, mwili wako umeshakuwa ghala.

Maelezo mazuri sana. Nikamuuliza, na chungu je? Na mstari uliopinda je? Tumbaku nayo inajua kupima?

Akatazama upande wa mninga, akajifunga khanga vizuri ingawa palikuwa na joto.

Anakaa hapa mpaka mkutano, anasema kunichunga. Amelala kwenye kitanda chetu na mimi jikoni.


Jumanne, 29 Oktoba

Mambo yanaharibika.

Watu wanaopanda kutoka kisimani sasa wananiletea ujumbe. Ujumbe mmoja tu. Kwanza Limbu, kwa aibu, akikuna shingo. Kisha yule mama aliyemwona baba yake. Kisha Omari, ambaye hata hakuongeza chumvi. Josepha anasema: mwambieni ahame.

Nikauliza ahame nani. Wakasema mimi. Nikauliza kama ametaja jina. Omari akasema ametaja lile jina la nyumbani, lile ambalo yeye akilitamka hapa nitamtoa jino.

Akalitamka. Sikumtoa jino.

Lakini si mjinga mimi! Nani anataka nihame? Dionis. Nani anawaandikisha watu viwanja vizuri karibu na barabara? Dionis. Ni wazi amewapanga. Nimewatazama mmoja mmoja machoni leo, kutafuta hila. Limbu hana hila hata ya kumhadaa ndama. Hapo ndipo nilipojua hila ni kubwa sana.

Katarina anasema labda dada yake anasema kweli. Nikamwambia dada yake alichagua mninga ule mwenyewe. Akajibu alichagua kivuli cha kupumzikia, hakusema ni pa kubaki.

Bibi Tatu naye akaniuliza, ninapotua mzigo husema ninakwenda wapi. Nikamwambia ukweli. Husema: Raymundi, ninatoka hapa, siendi popote. Bibi Tatu akatikisa kichwa taratibu. Akasema basi watanipita kila siku kama wanavyolipita jiwe.

Sina neno la kubadilisha. Ndiyo safari yangu hiyo.


Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Nimeifanya kuwa siku yangu. Niliwafukuza watu uani, nikasema mradi umefungwa kwa ibada. Katarina alikwenda kanisani kuniombea. Bora, maana angenikataza.

Nikajaza tanuri kuni za mti wa mtundu mpaka mabomba yakalia. Nikaketi ndani mpaka matone ya rangi ya chai yakanichora mwili mzima. Nikaita jina lake. Nikamweleza habari za nyumbani: mbuzi kazaa, kigoda chako kimepata mguu mpya, na ule wimbo wa kufunga tumbaku nimesahau mstari wa pili, njoo unikumbushe. Jasho. Goti langu. Basi.

Nikatoka. Jua liko utosini, kivuli changu kimejificha chini ya nyayo. Nikatua jiwe. Nikasema kama kawaida, siendi popote. Nikashuka.

Maji yalinifika kifuani, kisha shingoni. Miaka yote kisima kile kina chini, nimekisafisha mwenyewe kwa mikono. Leo mguu haukupata chini. Nikashika mawe. Nikasikia juu yangu, ukingoni, vitu vinatuliwa. Tu. Tu. Tu. Kama magunia, taratibu, moja baada ya jingine, mzunguko mzima wa kisima. Vumbi likaanguka majini. Mtu akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Halafu vikanyanyuliwa tena. Nikatazama juu. Duara la mbingu, jeupe, tupu.

Nikapanda kwa kucha.

Hakukuwa na mtu. Lakini vumbi lililokuwa laini asubuhi lilikuwa limekanyagwa. Nyayo nyingi, pana, zilizochoka. Na kati yake unyayo mdogo, kidole gumba cha kushoto kimepinda kwa ndani. Jembe lilimwangukia mwaka tuliooana. Nilikifunga mimi mwenyewe kile kidole, na nilikifunga vibaya, ndiyo maana kikapona hivyo.

Nyayo zilipita kaburi bila kusimama. Zote zilielekea upande mmoja. Barabarani, kwenye kijiji kipya.

Nilikaa karibu na unyayo ule mpaka upepo ukaufuta. Nimefikiri sana na nimepata jibu. Ameenda kuteka maji. Atarudi.


Jumapili, 3 Novemba

Mkutano! Ushindi! Nimeangamia.

Nilivaa koti la harusi. Nilizungumza vizuri, naweza kusema hivyo bila majivuno. Nilizungumza juu ya jasho, damu na kujitegemea. Omari akanisaidia, akasema tangu aanze mvuke mgongo umenyooka, kilichobaki kupinda ni tabia. Watu wakacheka. Limbu, ambaye hajawahi kusema mkutanoni, akasimama akasema: mimi nimemwona ng'ombe wangu. Akakaa. Wakapiga makofi kuliko walivyonipigia mimi.

Dionis akasimama. Akasema mradi wa Mzee Raymundi ni mfano kwa wote. Nikainama. Akasema unafaa kupitishwa kuwa mradi rasmi wa kijiji cha Juhudi. Wanaokubali wanyooshe mkono. Nilinyoosha yote miwili!

Ndipo akamalizia. Kwa kuwa ni mradi wa kijiji, haifai wazee na kina mama watembee mbali. Basi bani livunjwe, mabomba, milango na fito vibebwe vikajengwe upya kijijini, kando ya ofisi, na Mzee Raymundi apewe nyumba hapohapo, jirani, awe mlinzi.

Mikono yangu ilikuwa bado iko juu.

Katarina alinishusha wa kushoto. Wa kulia nilishusha mwenyewe baadaye. Omari akaniambia pole mtani, akaongeza kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kumwona akijihamisha kwa kauli moja.


Jumanne, 5 Novemba

Wamevunja. Bani lilianguka kwa upole, kama mzee anayekaa kitini. Harufu yake ilikaa hewani saa nzima.

Kijiji kizima kilikuja kubeba. Mstari mmoja kupitia njia ya zamani, mabomba begani, fito kichwani, mawingu ya kwanza ya mvua upande wa mashariki na joto la kuziba pumzi. Pale kisimani Bibi Tatu alisimama kama afisa ushuru. Kila mtu akatua, akataja. Zamu yangu ikafika. Nikatua. Nikasema Raymundi, ninatoka nyumbani, ninakwenda Juhudi. Kimoyomoyo nikaongeza: mara moja tu. Bibi Tatu akanitazama kama mtu aliyesikia.

Sikumuaga Josepha. Kumuaga kungekuwa kukubali.

Mimi nilibeba kitanda. Mbele nilikuwa mimi, nyuma alikuwa Omari. Ni kitanda cha mninga, kizito, lakini kilikwenda chepesi ajabu. Hatukusema neno njia nzima, na nilishangaa Omari kunyamaza. Nyuma yangu nilisikia hatua ndogo za haraka, za mtu anayetaka kufika kabla ya mvua. Njia ina mawe, sikugeuka.

Tulipofika nikaweka upande wangu chini, na upande wa nyuma ukawekwa chini, polepole, bila kugonga. Nikageuka kumshukuru Omari.

Omari alikuwa mbele, karibu na ofisi, bomba begani. Alikuwa amefika kitambo. Alikuwa akinitazama mdomo wazi. Katarina alikuwa nyuma yangu kwa mbali, amesimama katikati ya njia, viganja vyote viwili vimefunika mdomo. Walikuwa wakitazama mahali pamoja, karibu na tendegu la nyuma la kitanda. Nikatazama na mimi.

Tendegu.

Nikauliza nini. Katarina akaja akanishika mkono, akalia, akacheka, akalia. Omari akavua kofia yake mpya.

Mninga ukikauka hupungua uzito. Hili ni jambo linalojulikana.


Ijumaa, 8 Novemba

Nyumba mpya. Mstari, mstari, mstari. Nikitoka mlangoni naona migongo ya nyumba zote kama mtu aliye kwenye foleni.

Katarina amerudi Ntalikwa. Alisema sasa moyo wake umetulia, hana haja ya kunichunga tena. Sikuelewa, ila nilimshukuru kwa karanga.

Jirani yangu mpya, Mwanahawa, mshonaji, kaja kulalamika. Kwa heshima, akiwa ameketi ukingoni mwa kigoda. Akasema: baba, sina ugomvi, lakini mwambie mama asifagie uani saa ya mchana. Vumbi linaingia kwenye vitambaa vyangu. Afagie asubuhi kama wanawake wengine.

Nikamwambia sina mke. Mimi ni mjane.

Akanitazama. Akatazama nyuma yangu ndani ya nyumba. Akasema basi samahani sana, akaenda bila kumaliza maji niliyompa.

Uani kwangu ni kweli pamefagiwa. Nusu duara, nusu duara, kama magamba ya samaki. Itakuwa upepo. Upepo wa huku barabarani ni wa mpangilio, kama kila kitu cha Dionis. Na mtungi nimeukuta umejaa, maji ya baridi mpaka meno yakauma. Watu wa Juhudi ni wakarimu kwa mlinzi wao.

Ninapomkumbuka Josepha amelala peke yake kule, bila bani, bila sauti ya mtu, chakula hakishuki.


Jumapili, 10 Novemba

Nimepata! Hii haina kasoro!

Nyuki!

Mradi wa nyuki hauwezi kuletwa kijijini. Nyuki hawahami kwa kamba. Watauma katibu, watauma ofisi. Mizinga lazima ikae porini, mbali na watu, mahali penye miti mizuri. Mninga, kwa mfano. Na mizinga inahitaji mlinzi, na mlinzi hulala kwenye mizinga. Nimekwisha kumgusia Dionis baada ya misa. Alinitazama kwa huruma, akaniambia: Mzee, kwani hujamwona? Nikamwambia nyuki nimeshawaona wengi. Akapangusa uso kwa leso, akasema nifanye nitakavyo.

Amekubali!

Omari naye alijaribu kunizuia. Akaniomba nikae tu nyumbani mchana mmoja, nikae kimya, mlango wazi, nisiandike, nisipange kitu. Nikamwambia hilo ndilo shauri la mtu asiye na mradi. Hata Bibi Tatu, nilipomwambia narudi kule kumtafuta mke wangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Sijui kilichomchekesha. Wazee wengine hupoteza akili kwa joto.

Nimefunga kamba, panga na mzinga wa kwanza. Shati langu la safari nilikuwa silioni, sasa naliona limekunjwa juu ya kitanda, kola ndani, kama alivyokuwa akikunja Josepha. Nimeiga vizuri, hata sikumbuki nilipolikunja.

Hapo nje mtu anafagia tena. Jua kali hivi! Fagio linapita chini ya dirisha, linakwenda, linarudi, na anaimba kwa pua wimbo wa kufunga tumbaku, mstari wa pili. Sauti si mbaya, lakini vumbi linaniingilia kwenye karatasi. Nimepaza sauti kumwomba aache, kuna mtu anafanya kazi ya maana humu ndani.

Ameacha.

Kesho alfajiri nakwenda kwa Josepha. Maskini, atakuwa ananisubiri.